Kisamvu na Sombe

Nasema wazi tangu mwanzo: mwalimu anayemwambia mtoto kwamba "sombe" si neno ni mwalimu mvivu. Nalijua hilo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mwalimu wa namna hiyo.

Nilitoka chuo cha ualimu na kalamu nyekundu mfukoni, nikiamini kwamba Kiswahili kina mlango mmoja tu. Mtoto mmoja wa hapa Ng'ambo aliandika katika insha yake kwamba bibi yake alipika sombe. Nikalikata neno lile, nikaandika juu yake "kisamvu", kisha nikalisomea darasa zima kosa lake. Watoto wakacheka. Tangu siku ile hakuandika tena habari za bibi yake.

Ndugu msomaji, majani ni yale yale ya muhogo. Pande zote hutwangwa kinuni na kuchemshwa sana, maana yakiwa mabichi yana sumu. Lakini hebu ingia jikoni. Kisamvu cha pwani huungwa kwa tui la nazi. Sombe ya Kigoma na ya Kongo ya mashariki huungwa kwa mawese. Ukimwalika Mmanyema kula sombe, kisha ukampakulia ya nazi, atakula kwa adabu, lakini atajua kwamba siyo uliyomwahidi.

Majina haya mawili yalikutana Tabora kwa sababu Tabora ni njia panda. Misafara ilitoka Bagamoyo ikapita hapa kwenda Ujiji, na mingine ikavuka ziwa hadi Manyema. Baadaye reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Watu wa pande zote mbili walibaki hapa, na vinu vyao, na maneno yao.

Wataniambia usanifu ni lazima. Sikatai. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na faida yake tumeiona: mtoto wa Tanga na wa Kigoma husoma kitabu kimoja. Lakini msingi si nyumba nzima. Na anayeliita sombe neno la kigeni ajiulize muhogo wenyewe ulitoka wapi. Wareno ndio walioleta mmea huo Afrika kutoka Amerika ya Kusini, katika karne ya 16. Mgeni ni mmea, si jina!

Basi walimu wenzangu, mtoto akiandika sombe, msilikate. Mwulizeni imepikwaje. Kisha mfundisheni na kisamvu, maana mtihani utalitaka. Atatoka darasani na maneno mawili badala ya moja. Kazi ya shule ni kuongeza, mimi nilipunguza.

Mtoto yule sasa ana mvi. Tukikutana sokoni hunipa shikamoo, nami huitikia marahaba, tukaachana. Sijapata kumwomba radhi. Namwomba hapa.