Fleti ni yako, ngazi ni ya wote: ukishindwa kulipa ada, sheria yasemaje?

Kuna swali ambalo zamani lilikuwa la watu wa Nairobi peke yao, na sasa limeshatufikia Pwani. Mtu amenunua fleti, ameimaliza kuilipia au yumo njiani, kisha akashindwa kutoa ile ada ya kila mwezi ya ulinzi, taka, taa za ngazi na maji. Je, chama cha wakazi kina uwezo gani juu yake? Kinaweza kumkatia maji? Kumzuia langoni? Kumuuzia nyumba?

Nimeletewa swali hili na mama mmoja mzaliwa wa Mombasa anayeishi Nairobi miaka mingi. Jina lake na la mtaa wake nalihifadhi. Mumewe alifariki, kipato kikawa nusu, na ada ya shilingi 3,500 kwa mwezi ikamshinda. Leo ana malimbikizo ya miezi 14, yaani shilingi 49,000, na hiyo ni kabla ya faini. Jina lake limebandikwa penye kibanda cha bawabu pamoja na kiasi anachodaiwa, na maji ya nyumbani kwake yamefungwa kwa kufuli. Aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyeaibika, kana kwamba ameiba kitu.

Hakuiba. Anadaiwa, na kudaiwa si kosa la jinai. Hapo ndipo mjadala wote unapoanzia.

Ili jambo lieleweke, tuangalie Nyayo Highrise, zile ghorofa zilizosimama ukuta kwa ukuta na Kibera, katika wadi yenye jina hilohilo eneobunge la Lang'ata. Nimezichagua kwa sababu pale Kenya imefanya jaribio moja mara mbili. Nyumba za Nyayo Highrise zilijengwa na Shirika la Taifa la Nyumba, zikitajwa kuwa ni za kuwainua watu wa Kibera, lakini zikaishia mikononi mwa wenye mishahara ya kila mwezi. Baadaye ukaja mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda. Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki zikahamishiwa fleti za muda karibu na gereza la Lang'ata, na Julai 2016 nyumba mpya 822 zikakabidhiwa palepale Soweto Mashariki. Safari hii waliopewa walikuwa wenyeji kweli, wamejiunga katika vyama vya ushirika na kuweka akiba.

Na bado wako walioondoka. Walipangisha zile nyumba kwa watu wenye uwezo zaidi, wao wakarudi kwenye mabati. Wengi hupenda kusema ni tamaa. Mimi sioni hivyo. Ukiishi kwenye banda, unatumia ukipata: mtungi wa maji leo, kesho hununui, kesho kutwa unakopa kwa jirani. Ukiingia kwenye fleti, mwezi unakuja na mambo yaliyokatwa tayari: maji, umeme, usafi, ulinzi, rehani. Kibarua wa Kibera hana mwezi, ana siku. Bei ya nyumba aliihimili kwa akiba ya miaka, lakini kile kidogo cha kila mwezi kisichoisha ndicho kilichomtoa.

Sisi Pwani tuna uzoefu wetu, ila wa kinyume. Katika mitaa mingi ya Mombasa, tangu Majengo hadi Kisauni, tumezoea nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwingine, nawe humlipa kodi ya ardhi. Kwenye fleti mambo yamegeuka. Chumba kilichoko hewani ni chako, lakini ngazi, paa, tangi, bomba la maji taka na lango ni vyenu nyote. Huwezi kusema, “Mimi sipandi ngazi ya nyuma, basi silipii taa yake.” Paa likivuja linamvujia wa juu leo, na wa chini atafikiwa.

Kwa hivyo ada yenyewe si uonevu, na mwenye kushindwa kulipa hana haki ya kufutiwa deni kwa kuwa ni masikini. Hakuna sheria ya Kenya isemayo hivyo, na anayekwambia ipo anakupoteza. Haki aliyonayo ni nyingine: adaiwe kwa njia ya sheria, na chama kisiwe mdai, hakimu na dalali kwa wakati mmoja.

Lakini kwanza ajue ni nani anayemdai. Watu wengi hawaulizi hili, na ndilo la maana kuliko yote. Majengo mengi husimamiwa na kampuni ambayo kila mwenye fleti ana hisa ndani yake, na alipotia saini mkataba wa kununua alikubali kulipa ada. Hapo deni limetoka kwenye mkataba, na mkataba usomwe. Mengine yako chini ya sheria ya mwaka 2020 ambayo mawakili huiita Sectional Properties Act, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987. Kwa sheria hiyo kila fleti yaweza kuwa na hatimiliki yake, na wenye nyumba wote kwa pamoja huwa shirika moja linalotunza sehemu za pamoja. Shirika hilo lina mamlaka ya kutoza michango, kila nyumba kwa uwiano wake uliosajiliwa, na asiyelipa laweza kumshtaki.

Kisha kuna ile jamii ya tatu: chama cha wakazi tu. Watu walikutana siku moja chini ya mti, wakachagua mwenyekiti na mweka hazina, wakafungua akaunti. Vyama hivi hufanya kazi kubwa, tusivibeze, maana bila yao baadhi ya mitaa ingezama kwenye taka. Lakini nguvu yake ni ile ya makubaliano. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema hakuna anayelazimishwa kujiunga na chama chochote. Usijidanganye lakini: ukikataa uanachama huku unakunywa maji ya kisima cha chama na kulala ukilindwa na bawabu wake, hakimu atakuuliza ulitarajia nani akulipie.

Baada ya kujua anayekudai, omba hesabu. Kwa maandishi, na ubaki na nakala. Ada ilipitishwa kwenye mkutano gani? Kumbukumbu za mkutano ziko wapi? Faini ya kuchelewa imeandikwa kwenye kanuni gani? Nimeona karatasi za madai ambazo faini imelipita deni lenyewe, na ukiuliza asili yake unaambiwa “kamati iliamua”. Kamati haina uwezo wa kujitungia adhabu nje ya kanuni zilizopitishwa na wenye nyumba. (Faini inayozaa faini juu ya deni, sisi Waislamu tuna jina letu la kuiita, lakini leo nazungumzia mahakama za serikali.) Tena kuna mipaka ya muda: deni la mkataba lililopita miaka sita bila kushtakiwa huwa limepitwa na wakati.

Sasa lile la maji. Umeme siku hizi kila mtu ana mita yake na tokeni yake, chama hakiwezi kuugusa. Maji hupitia tangi la pamoja, ndiyo maana yamekuwa fimbo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, pamoja na makazi ya kufaa. Na kifungu cha 20 chasema haki hizi zinawafunga watu wote, si serikali pekee. Maji usiyoyalipia ni jambo moja: mwenye kuuza ana haki ya kudai bei ya maji. Lakini kumfungia mtu maji aliyoyalipia ili atoe pesa ya ulinzi ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu halina mguu wa kusimamia mbele ya hakimu. Kumzuia mtu kuingia nyumbani kwake ndiko kubaya zaidi, maana ni kumtoa kwenye mali yake bila amri ya mahakama yoyote.

Mara nyingi fimbo hiyo humpiga asiyehusika. Mwenye fleti yuko Dubai au Maskati, hajatuma ada mwaka mzima. Aliyemo ndani ni mpangaji anayelipa kodi kila tarehe 5, ana watoto, na ndiye anayefungiwa maji. Mpangaji huyo si mdeni wa chama. Ndugu zetu mlioko Ghuba mliojinunulia fleti Nairobi, Nyali au Mtwapa, hili linawahusu.

Kubandika majina langoni nako kumekuwa desturi. Tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data, na habari ya madeni ya mtu ni habari yake binafsi. Aliyebandikwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Chama chenye hekima kingebandua karatasi hiyo kabla ya kuitwa.

Chama kikitaka haki yake, njia ipo wazi wala si ndefu. Sheria ya 2020 imeweka kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro, na asiyeridhika huenda mbele katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Deni la shilingi 49,000 hapo ni dogo. Mdaiwa akipata barua ya mahakama asiifiche chini ya godoro. Asipojibu, hukumu hutolewa bila yeye, na kuanzia hapo mambo huwa magumu.

Maana lazima niseme na upande mchungu. Chama kikishinda kesi na hukumu isilipwe, mahakama inaweza kuamuru mali ikamatwe, na nyumba ni mali. Si jambo la siku moja, lina notisi na hatua zake, na kwa deni dogo hakimu huanzia kwingine. Lakini lipo. Kuna vitu ambavyo dalali hagusi: sheria yetu ya mashauri ya madai inalinda nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, na hata yale mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hatenganishwi nayo. Kufungwa jela ya madai nako kunataka ithibitishwe kwamba unacho na umekataa kutoa. Asiyenacho hafungwi kwa kutokuwa nacho, ila ni lazima afike mbele ya hakimu aeleze hali yake.

Kwa hivyo mama yule nilimwambia asingoje kortini. Aandike barua kwa kamati, akiri kiasi anachokikubali, akipinge kile cha faini kisicho na kanuni, na ajifunge kulipa ada ya mwezi huu pamoja na shilingi 1,000 ya malimbikizo. Alipe benki au kwa simu, si mkononi, ili ushahidi ubaki. Hata mdogo wa malipo hubadilisha sura ya mdaiwa mbele ya hakimu. Na Suratul Baqara, aya ya 280, wanaijua wengi kwenye kamati zetu: mdeni aliye katika dhiki apewe muda hadi atakapopata nafasi. Aliniambia mwenyekiti wao ni mtu wa msikitini. Basi barua ianze na hilo.

Naliandika hili sasa kwa sababu nyumba zinaendelea kupanda. Wafanyakazi wa mishahara wanakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya mpango wa nyumba za bei nafuu tangu sheria ya Machi 2024. Mei 2025 nyumba 1,080 zilikabidhiwa Mukuru, na hapa kwetu ghorofa za Buxton zimesimama pale palipokuwa na nyumba za zamani za baraza. Kila mahali mazungumzo ni ya bei ya kununua na malipo ya mwezi ya nyumba. Ada ya kutunza jengo hutajwa kwa sauti ya chini, ikitajwa. Anayeuza angepaswa kuiandika kwenye karatasi ya kwanza, pamoja na jina la atakayeitoza na namna ya kuipandisha.

Anayenunua fleti iliyokuwa na mwenyewe naye aombe barua ya shirika inayoeleza ada ni kiasi gani na kama kuna malimbikizo, kabla ya kutoa hata shilingi. Sheria imempa haki ya kuipata.

Aliye na kesi mkononi na hana pesa ya wakili ajue kwamba Kituo Cha Sheria kina ofisi Nairobi na Mombasa, na kwamba kwa kifungu cha 22 cha Katiba, kufungua shauri la kutetea haki za kikatiba hakutozwi ada. Aende na mkataba wake, risiti zake, na picha ya ile kufuli iliyowekwa kwenye bomba.