Ziwa la Kustaafia

Hapa Buruburu wazee wanaongojea kiinua mgongo huulizana wanunue kiwanja kando ya ziwa gani. Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yana maji ya magadi, hayafai kunywewa wala kunyweshea mboga. Yabaki Naivasha na Baringo, yenye maji matamu ijapokuwa hayana mto wa kuyatoa; maji hupenya chini ya ardhi na kuichukua chumvi. Mimi napenda Naivasha, ni karibu, ingawa viboko wake hawajui mipaka ya shamba. Lakini mwaka 2020 maziwa hayo yalipanda: nyumba za Kihoto, Naivasha, ziliingia maji, na kule Baringo shule zilifunikwa. Basi kabla ya kulipa, waulizeni wavuvi wazee maji yaliwahi kufika wapi, mkajenge juu ya hapo.