Vidonge vya damu havizibi mishipa

Juzi mama mmoja mjamzito wa mtaa wetu alinionyesha vidonge vya kuongeza damu alivyovificha chini ya godoro. Aliambiwa pale bombani kwamba madini ya chuma huziba mishipa ya moyo.

Neno hilo halikuzuka tu. Mwaka 1981 daktari wa Marekani, Jerome Sullivan, aliandika kwamba huenda wanawake hukawia kupata ugonjwa wa moyo kwa sababu hedhi hupunguza chuma mwilini. Wazo zuri, nakubali. Lakini likapimwa hukohuko Marekani kwa wagonjwa 1,277 wenye mishipa ya miguu iliyoziba, wengi wao wanaume wazee. Majibu yalitoka 2007: kuwatoa damu ili chuma kipungue hakukupunguza vifo.

Sasa wewe mama unayekula mahindi na maharage ya mgao, wazee wale wanakuhusu nini? Mwenye upungufu wa damu akivuja hata kidogo anapojifungua, tunaweza kumpoteza. Nimebeba machela usiku, najua.

Meza kidonge chako kila siku, na chai isubiri saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi, usiogope. Mwenye selimundu amuulize muuguzi kwanza. Na baba anayehofia mishipa aache sigara, aje tumpime presha.