Daftari Lilibaki Handeni

Yako maneno ambayo mtu asipoyajua huweza kupata madhara. Mimi nilikosa neno moja tu: mzio.

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa huko kwetu Handeni nilipewa dawa yenye salfa kwa ajili ya kikohozi, nikababuka midomo na kifua. Tabibu akaandika katika daftari langu kwa wino mwekundu kwamba nisipewe tena dawa ya namna hiyo. Nyumbani tuliiita "ile dawa iliyombabua mtoto," wala hatukujua kwamba jambo lile lina jina.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu hapa Korogwe, niliugua nikapelekwa kutibiwa. Mahali pale tabibu haandiki tena kwa kalamu, bali hubonyeza kompyuta. Aliniuliza, "Una mzio wa dawa yoyote?" Nami kwa kuona haya kumwuliza mzio ni kitu gani, nikajibu, "Hapana." Akaandika hivyo, nikapewa dawa yenye salfa. Usiku wa siku ya pili macho yalivimba hata nikawa sioni vizuri, midomo ikatoka malengelenge, na mwalimu wa zamu akanikimbiza kwa bodaboda. Asubuhi mama alifika kwa basi akiwa na daftari langu, amelifunga katika kanga, na ule mstari mwekundu ungali ukisomeka. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 hivi, tena ni barabara ya lami. Lakini habari yangu ilifika wakati nimekwisha umia.

Wenzangu bwenini walisema kosa ni la kompyuta. Mimi sikubali. Kompyuta iliweka kwa uaminifu ujinga wangu mwenyewe. Yafaa basi tujue mtambo huu hufanya kazi gani.

Katika vituo vingi vya Serikali hutumika mfumo uitwao GoTHOMIS. Mgonjwa akifika husajiliwa na kupewa namba yake. Tabibu huandika maradhi anayoyaona. Agizo la vipimo huenda maabara, na majibu humrudia hapo alipoketi. Agizo la dawa kadhalika hufika dirisha la dawa, na mtoa dawa haumizi tena kichwa kusoma mwandiko wa tabibu (mwandiko ambao, tuseme kweli, hata mwalimu wetu wa Kiswahili angeushindwa). Malipo nayo huonekana humo humo.

Hapa watu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni MTUHA, yaani vile vitabu vikubwa vya kituo, kama kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje. Hivyo hutoa hesabu za kupeleka wilayani na wizarani: waliougua malaria mwezi huu ni wangapi, watoto wangapi. Hesabu hizo ni za watu wengi kwa jumla, hazina habari za mtu mmoja. La pili ni kumbukumbu ya mgonjwa iliyomo katika kompyuta ya kituo kimoja. La tatu ni kumbukumbu ya afya ya mtu, imfuatayo popote aendapo. Mimi siku ile nilikuwa na la pili, nami nilihitaji la tatu.

Wazee wetu wa mashamba ya mkonge hapa Korogwe walikuwa na kipande, kadi iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi hata zikatimia 30, ndipo mtu akalipwa. Mtu alikitunza kipande chake kama fedha. Daftari la hospitali sisi twalifungia maandazi!

Rafiki yangu mmoja hupinga. Asema maradhi ya mtu ni siri, na kumbukumbu ikisafiri kutoka wilaya hadi wilaya itasomwa na kila karani. Hoja yake ina uzito, maana nimeona kwa macho yangu kioo cha kompyuta kimeelekea foleni, na watu wakisoma. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na mfumo mzuri humtaka kila mtumishi aingie kwa nywila yake na huweka alama ya nani alifungua nini. Daftari langu lilisomwa na bweni zima, na hata leo sijui nani alianza.

Umeme nao hukatika, kweli. Siku hiyo huandikwa kwa mkono, na hapana budi maandishi yaingizwe baadaye, yasiachwe.

Basi mimi naona Serikali ifanye haraka ili jalada lililofunguliwa Handeni lifunguke Korogwe na kwingineko. Wakati tunangoja, wazazi wapige picha za madaftari ya watoto kabla ya kufunga tranka, na wamwambie mtoto jina la dawa iliyomdhuru, si "ile nyekundu" wala "ile chungu." Dawa zenye salfa si moja, hata SP wanayopewa akina mama wajawazito kuzuia malaria imo katika ukoo huo.

Na kwa walimu wetu nina ombi. Fomu ya daktari ambayo mwanafunzi huja nayo akijiunga na kidato cha kwanza, aghalabu hujazwa mbiombio siku moja kabla ya safari. Yangu ilijazwa hivyo. Naomba mwezi Januari mwalimu wa afya awaite wageni mmoja mmoja, fomu ikiwa mkononi, awaulize habari ya mzio, na kabla hajauliza awaeleze kwanza neno hilo maana yake nini.