Mto Haujengi Mji

Kuna usemi mmoja uliozoeleka mno katika vifungu vya ufahamu na insha za historia, hata hakuna tena anayeuliza ulikotoka. Ni ule unaoiita Misri zawadi ya Mto Naili. Mwalimu huuandika ubaoni, wanafunzi huunakili, nao mtihani huusubiri. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi ambamo mto huo hutoka ziwani, pale Jinja, hatuwezi kuendelea kuunyamazia.

Herodotus, Mgiriki aliyeandika katika karne ya 5 K.K., alilisema neno hilo kuhusu ardhi. Alikuwa akizungumzia udongo wa kaskazini mwa Misri, ulioletwa na mto na kurundikwa mwaka hadi mwaka. Katika hilo hakukosea, maana delta kweli imeumbwa na mashapo. Lakini waliokuja baadaye walilinyakua neno la ardhi wakawavika watu: falme, maandishi, mahekalu, hesabu na tiba, vyote vikawa zawadi. Nasi wenye lugha hii twajua zawadi ni nini. Zawadi hupokelewa, haitolewi jasho.

Hebu tutazame basi jambo lenyewe lilikuwaje. Mvua ya kiangazi cha kaskazini ilinyesha katika nyanda za juu za Ethiopia, ikajaza Naili ya Buluu na Mto Atbara, na maji yakafika Misri kwa wingi mwezi wa Agosti na Septemba. Mwaka yalipozidi, yalibomoa kingo na kuzoa vijiji. Mwaka yalipopungua, watu walikufa kwa njaa. Mafuriko yakiachwa yenyewe hayalishi taifa. Wakulima ndio waliopiga matuta na kuligawa bonde katika majaruba makubwa, wakayazuia maji humo kwa wiki kadhaa hata ardhi ikashiba, kisha wakayafungulia yaende kwa jirani wa chini. Ni nani aliyekata shauri kuwa tuta livunjwe leo wala si kesho? Ni nani aliyeamua ugomvi wa jaruba la juu na la chini? Kwenye kisiwa cha Elephantine, karibu na Aswan, walichonga vipimo vya kusomea kimo cha maji, na kwa vipimo vya namna hiyo watawala walikadiria mavuno na kodi. Kwenye rungu la mawe la mfalme aitwaye Nge, la mnamo mwaka 3100 K.K., mfalme mwenyewe amechorwa ameshika jembe kando ya maji. Wamisri hao hawakuona haya kuonyesha kazi. Ni sisi tunaoificha.

Hatusemi kwamba jiografia si kitu. Mwalimu atakayesema hivyo atakuwa ametoka kosa moja akaangukia jingine. Kukauka kwa Sahara kuliwasukuma wafugaji na wakulima kuelekea bondeni. Mkondo wa Naili huenda kaskazini na upepo huvuma kusini, hivyo mashua iliteremka kwa maji na kupanda kwa tanga. Mfalme gani hangefurahi kupata barabara kama hiyo? Lakini mto ule ule, wenye upepo ule ule, ulikuwapo pia mnamo mwaka 2200 K.K. na baada yake, dola ilipogawanyika na magavana wakawa kila mmoja na lake. Na ulikuwapo tena Mentuhotep wa Thebes alipoiunganisha nchi, yapata mwaka 2050 K.K. Lililobadilika hapo lilikuwa ni siasa.

Ubaya wa usemi huu huonekana zaidi tukipanda mto hadi Kerma, kusini ya maporomoko ya tatu, katika Sudan ya leo. Hapo palisimama mji mkuu wa ufalme uliodumu takribani kuanzia mwaka 2500 hadi 1500 K.K. Jengo lake kuu la matofali ya udongo bado limesimama, karibu mita 18 kwenda juu. Mmarekani George Reisner alipochimba hapo kati ya 1913 na 1916, aliyaona makaburi yenye upana wa mita 90 hivi, akahukumu kwamba ni ya magavana waliotumwa na Misri. Kwa nini? Kwa sababu hakuamini kwamba watu wa hapo wangeweza. Ndipo Charles Bonnet wa Uswisi na wenzake, waliochimba tangu miaka ya 1970, walipoonyesha kwamba mji ulikuwa wa wenyeji na wafalme walikuwa wao. Tazameni hukumu ya Reisner: mto ni mmoja, ila kaskazini unatoa ustaarabu, na kusini ustaarabu hauna budi uwe umeletwa na mgeni! Kabla yake Hegel, katika mihadhara yake iliyochapwa 1837, alikwisha kulikata bara kwa kisu cha jiografia, akalitenga bonde la Naili na Afrika aliyoiita halisi, kisha akaitoa hiyo halisi nje ya historia.

Sasa mtoto wa Jinja anayenakili usemi wetu atafikiri nini? Atafikiri: zawadi ilipita mlangoni petu, nasi tumelala. Hakuna aliyemwambia kwamba mafuriko ya Misri hayakutoka kwenye ziwa lake, ambalo maji yake hutoka kwa utulivu mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia kwamba penye mvua misimu miwili mkulima hahitaji jaruba la mafuriko. Wala haonyeshwi mahandaki ya Bigo karibu na Mto Katonga, yenye urefu unaozidi kilomita 10, yaliyochimbwa kati ya karne ya 13 na ya 16, mahali pengine kwa kukata mwamba. Mvua haikuyachimba hayo.

Hii ni kazi ya walimu wa lugha kabla ya kuwa ya walimu wa historia, kwa kuwa kosa limo katika kiima. Sentensi zetu husema mto ulileta, bonde lilizaa, jangwa lililinda. Watu huja mwishoni, nao wamepewa, wamejaliwa, wamebahatika, vitenzi vikiwa vya kutendwa au vya kutendeka. Tunadai vifungu hivyo viandikwe upya, na katika kila swali la mtihani linaloanza na mto ulivyowapa watu, mto uondolewe kwenye nafasi ya mtenda, akae aliyeshika jembe.