Tairi za Meno Makubwa



Lori linalotubeba sisi wa genge la reli hapa Maungu limefungwa tairi za meno makubwa, zile za matope. Twauliza, matope yako wapi? Siku tano katika sita twaenda Voi na kurudi, lami tupu, malori ya Uganda yakitufuata nyuma. Juu ya lami meno hayo hupata moto, huliwa upesi, huongeza mafuta, na mvua ikinyesha lori halisimami upesi. Likiteleza, watakaoumia ni watu walioketi nyuma! Njia ya Kasigau ni ya udongo, kweli. Lakini twaipita mara moja kwa juma. Twataka tairi za lami mbele, na za meno ya kadiri nyuma. Msimamizi asema ni ghali. Basi na ahesabu zilizokwisha tangu Januari.