Tangi la mafuta nalo lazima lipumue

BOTI za Kasanga, mashine za kusaga na matrekta ya Ufipa vyote vinahitaji dizeli. Mfanyabiashara anayetaka tangi la kuhifadhia mafuta huuliza bei ya tangi na pampu. Ni nadra kuuliza kuhusu bomba la kupumulia.

Tangi la kawaida la mafuta halihimili mgandamizo mkubwa. Ukiingiza lita 1,000, hewa na mvuke wa kiasi hicho lazima vitoke. Ukizitoa, hewa lazima iingie. Jua la mchana hutanua mvuke, baridi ya usiku ya Sumbawanga huusinyaza. Bomba likizibwa na kiota cha nyigu au kitambaa, tangi huweza kupasuka wakati wa kujaza, au kubonyea wakati wa kupakua. Moto ukiwaka karibu, mvuke huongezeka haraka mno. Ndiyo maana kiwango cha API 2000 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani huzingatia pia upumuaji wa dharura.

Tunawashauri wanunuzi wamweleze fundi kasi ya pampu ya kujazia, kwani upana wa bomba hutegemea kasi hiyo. Mdomo wa bomba uwe juu, mbali na moto, wenye kofia na wavu, na ukaguliwe mara kwa mara.

EWURA, inayotoa leseni za biashara ya mafuta, iwafikishie wafanyabiashara wadogo wa vijijini elimu hii kwa Kiswahili chepesi. Gharama ya bomba ni ndogo kuliko ya tangi zima, achilia mbali maisha ya watu.